Sindano Zilizotungwa Tayari

Fundi wa matundu ya vifungo alikuwa na mazoea yaliyojulikana karakana nzima. Kila asubuhi, kabla ya koti la kwanza kufika mezani kwake, alitunga uzi kwenye sindano zote na kuzichomeka safu moja kwenye sponji. Koti likifika, mkono haukutafuta kitu. Ulichomoa na kushona.

Kisha kidole chake cha shahada kikaanza kujikunja. Akishika kijiko, hakuna neno. Akishika sindano, kinajikaza kama kimeona adui. Msimamizi alimwambia kwa upole kwamba asipoweza kushona tundu la majaribio, kiti cha dirishani atapewa mwingine. Kiti hicho alikikalia tangu hajaolewa. Aliitikia tu, kama mtu anayeambiwa mvua itanyesha.

Wifi yake, mpiga pasi wa meza ya nyuma, ndiye aliyemburuta hospitali. Daktari alieleza huku akichora. Kwenye ncha ya neva kuna vifuko vidogo mno, vimebeba kemikali inayouamuru msuli ujikaze. Havisubiri kuitwa kutoka mbali. Vimeshafungwa mlangoni kwa protini zilizoanza kusokotana kama nyuzi, nyingine za kifuko, nyingine za ukuta wa neva. Amri ikifika, kalsiamu huingia, protini mlinzi huinasa, na zile nyuzi humalizia kujisokota, zikikivuta kifuko mpaka kiungane na ukuta na kumwaga kilicho ndani. Yote hayo kabla hujapepesa jicho.

“Kumbe zimetungwa tayari,” alisema fundi.

“Ndiyo. Dawa hii inakata uzi mmoja. Kifuko kinabaki mlangoni, hakifunguki, na msuli haupati amri ya kujikaza.”

Akachomwa dawa hiyo kwenye kigasha, chini ya kiwiko, akaonywa kwamba kidole kinaweza kulegea kupita kiasi.

Siku chache baadaye kidole kilipungua ukaidi. Wifi alimhimiza akajaribiwe kesho yake, chuma kingali moto. Yeye akakataa. Kitambaa hulowekwa kabla ya kukatwa, kisije kikanywea baadaye. Dawa nayo, alisema, iachwe ikolee. Akaomba wiki iliyofuata.

Ikakolea kweli. Siku ya majaribio kidole hakikujikunja, wala hakikushika. Sindano ilidondoka, akaiokota, ikadondoka tena. Tundu lilitoka limelegea kama mdomo wa mzee aliyesinzia. Msimamizi alilitazama, akalikunja ndani ya koti, akampangia meza ya pasi.

“Wifi, mbona hulii?” mpiga pasi alimuuliza fundi walipokuwa nyumbani wakikunja mashuka.

“Nililie nini?”

“Basi toa hata tusi moja, nikusaidie kumtukana.”

Alitafuta. Kilio kilikuwepo mahali fulani karibu, kimesogea hadi mlangoni, lakini hakikutoka.

Aliporudi hospitali, daktari alimwambia kwamba baada ya miezi kadhaa neva itatengeneza protini mpya na nguvu zitarudi. Kukaza nako kutarudi. Wakati huo watajaribu dozi ndogo zaidi.

“Haya,” alisema.

Aliyepewa kiti cha dirishani alikuwa mshonaji mzuri, ila kila koti lilipofika ndipo alipoanza kutafuta uzi. Makoti yakarundikana. Asubuhi moja fundi aliwahi, akachomeka sindano kwenye sponji, matundu yakitazama juu, akazitunga moja moja kwa mkono wa kushoto hadi safu ikatimia. Akaisogeza sponji pale mkono wa mwenzake utakapoifikia bila kutafuta.

Kisha akaenda kuwasha pasi.