Mafuta Mazito kwa Moteri ya Zamani

Siku ya kwanza nilipoingia garajini, hapa Bunia upande wa Nyakasanza, sikupewa ufunguo wala nyundo. Nilipewa gazeti la zamani. Mkuu wa garaji, ambaye sote tulimwita Shefu, alichomoa kijiti cha kupimia mafuta ndani ya moteri moja, akadondosha tone juu ya gazeti, akaniambia niketi nilitazame. Nilikuwa mtu mzima mwenye mke na mtoto, nimetoka Mahagi na cheti changu cha ufundi mfukoni, nikaona mtu huyu ananidharau. Nikaketi hivyo hivyo. Baada ya muda tone lilitanuka likafanya duara, jeusi katikati, hudhurungi pembeni.

"Unaona nini?" Shefu akaniuliza.

"Mafuta, Shefu."

"Mafuta hata mutoto anaona. Angalia katikati. Ile nyeusi, njo moteri iko nakuambia ugonjwa yake. Kaa tena."

Nilikaa na gazeti lile mpaka saa sita. Ninyi mafundi wa leo mnaochagua mafuta kwa uzuri wa picha iliyo kwenye kopo, mnaweza kucheka. Mimi pia nilicheka, ila moyoni, kwa sababu Shefu hakuwa mtu wa kuchekewa usoni.

Magari tuliyoyatengeneza yalikuwa yamezeeka tayari, nayo gari la zamani lina tumbo la mzee: si kila chakula kinalifaa. Mafuta yana namba. Yenye namba ndogo ni mepesi, hukimbia upesi ndani ya moteri. Yenye namba kubwa ni mazito. Moteri iliyochakaa, nafasi kati ya vyuma vyake imepanuka, kwa hiyo hutaka mafuta mazito kidogo, kama yale ya arobaini, ili utando wake usikatike. Nasema kidogo. Tena moteri iliyozoea mafuta ya kawaida miaka yote usiipe ghafla mafuta ya kisasa yenye dawa kali ya kusafisha. Uchafu wote uliolala chini utaamka, utaenda kuziba filta, na mwenye gari atarudi kwako na fimbo.

Kuhusu filta, Shefu alikuwa na desturi ambayo sijaiona kwa mwingine. Filta za magari yale zilikuwa za karatasi yenye mikunjo, zikikaa ndani ya kikombe cha chuma. Filta ya zamani haikutupwa kamwe bila kupasuliwa. Tuliikata kwa msumeno, tukaikunjua karatasi yote juu ya meza, mbele ya mwenye gari, tukaisoma pamoja naye. Uchafu mweusi peke yake si neno. Vumbi linaloshikwa na sumaku, basi kuna chuma kinachosagika. Lakini ukiona punje za rangi ya shaba, kazi imeisha. Maana yake kusine, yaani vile vikombe vya shaba vinavyoushika mhimili mkuu wa moteri, vimeanza kulika, na hakuna mafuta duniani yatakayovirudisha.

"Mwenye gari anaweza kubisha maneno yako," Shefu alikuwa akisema. "Filtre hawezi kubisha."

Kisha vita ikaingia Ituri. Sitataja makundi, kwa maana wenye silaha walibadilishana mji huu mara nyingi, na kila waliofika walitaka jambo moja kutoka kwetu: gari litembee. Njia zilifungwa. Mafuta yalitufikia katika madumu kutoka Ariwara, mpakani, mengine safi, mengine yakiwa yametumika, yakachujwa na kuuzwa kama mapya. Gazeti la Shefu likawa ndilo mwamuzi wetu. Filta mpya zilipoadimika tuliziosha za zamani kwa mazutu, yaani dizeli, na kuzirudisha, jambo ambalo Shefu alilifanya akiwa amekunja uso kama mtu anayemeza kwinini.

Niseme mapema kwamba mimi ni mwoga, msije mkanitafutia ushujaa humu. Nilikuwa naogopa tangu naamka. Mke wangu aliweka mfuko wa nguo nyuma ya mlango, tayari kwa kukimbia, na kila nilipoupita niliugusa kuhakikisha upo. Kazini nilijifunza kuyatambua magari ya wenye silaha kwa sauti tu, nikiwa nimelala chini ya gari jingine. Likikaribia, nilijisogeza ndani zaidi kabla kichwa hakijajua ni kwa nini.

Basi, asubuhi moja iliingia gari ya jipu, ya dizeli, kuukuu, na ndani yake Kamanda mmoja na maaskari wanne. Mtu huyo alikuwa amechimba dhahabu kabla ya kushika bunduki, alijisifia mwenyewe. Jipu aliinyang'anya kwa mnunuzi wa dhahabu. Alitaka kwenda nayo Mongbwalu siku ile ile, kwa hiyo tumwage mafuta ya zamani, tutie mapya, tubadilishe filta. Niliisikia tangu inaingia langoni: ko-ko-ko, chini kabisa, mlio wa kusine. Shefu naye aliisikia. Alinitupia jicho mara moja, akageuka.

Nikamwaga mafuta. Nikatoa filta. Na hapo nikafanya kosa la mazoea: mikono yangu ilichukua msumeno, ikaikata, ikaikunjua karatasi juu ya meza, mbele ya mwenye gari, kama nilivyofundishwa. Jua liliingia kwa mlango likaangukia mikunjo ile. Iling'aa yote.

Kamanda aliinama. Akapitisha kidole, akakitazama kwa muda mrefu.

"Dhahabu," alisema.

Akatugeukia.

"Yule mununuzi alifichaka mali yake humu, ju barrière za njiani zisiione. Na nyinyi munajua. Njo maana mumepasua mbio-mbio."

"Kamanda, ile haiko dhahabu," Shefu alisema polepole. "Iko kusine. Moteri iko najikula yenyewe."

"Weye utanifundisha dhahabu? Miye nimekula dhahabu, nimelala na dhahabu!" Akageuka kwangu. "Weye mwenye kupasua. Choma hii. Ikibaki manjano, munakufa wote mbili."

Wachimbaji wote wa Ituri wanajua jaribio hilo: dhahabu ikipigwa moto hubaki ilivyo, shaba huwa nyeusi. Mimi nilijua ni shaba. Nilijua kama ninavyojua jina langu. Lakini askari alikuwa ameweka mtutu nyuma ya shingo yangu, na chini ya mtutu mtu hajui tena kitu chochote. Niliziosha punje kwa esansi, yaani petroli, nikazimimina juu ya kifuniko cha kopo la sardini, nikawasha shalimo, ile bomba ya moto wa kuchomelea. Niliomba kwa Bikira Maria shaba ikumbuke kwamba ni shaba.

Ikawa nyeusi.

Askari mmoja akacheka. Kamanda hakucheka, na hapo hofu yangu ikaongezeka badala ya kupungua, maana sasa alikuwa ameaibishwa mbele ya watu wake.

"Vizuri," alisema. "Inajikula. Sasa itafika Mongbwalu, ao haitafika? Munisikie. Jipu iliingia hapa ikitembea. Kama haitembei tena, nyinyi njo muliiua."

"Itafika," Shefu alisema.

Miaka yote niliyofanya naye kazi sikuwahi kumsikia akimdanganya mwenye gari. Kamanda akaninyooshea kidole. "Na weye?"

"Itafika, Kamanda," nilisema.

"Fostini," Shefu akaniita, "leta mafuta."

Hakusema mafuta gani. Nilikwenda stoo peke yangu. Kulikuwa na dumu la arobaini, safi, ambalo nililipima mwenyewe kwa gazeti. Pembeni kulikuwa na pipa la mafuta mazito ya magia, ambayo hayana kazi yoyote ndani ya moteri, isipokuwa kwa mafundi wadanganyifu wanaouza magari mabovu. Mafuta hayo huziba pengo kati ya vyuma, mlio unanyamaza, na moteri inayokufa inasikika kama mpya. Ikishapata moto wa kupanda milima, mafuta yale hulainika, pengo linarudi, na moteri inakwama mara moja.

Nilisimama pale nikipiga hesabu ya mwoga. Nikitia arobaini, jipu itagonga papa hapa kiwanjani, Kamanda ataisikia, atajua tumemdanganya, na tutakufa. Nikitia mazito, itanyamaza, itaondoka, itafia mlimani mbali na sisi, na sisi tutapata nafasi ya kukimbia. Nilichanganya mazito mengi na arobaini kidogo, nikayapeleka.

Shefu alichovya kidole, akasugua mafuta kwa dole gumba. Kidole chake hakikuhitaji gazeti. Alinitazama, nikatazama chini. Akayamimina yote, akaweka filta mpya ya mwisho tuliyokuwa nayo, akawasha. Moteri ilitulia kimya kabisa. Kamanda akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Nyinyi mafundi ya kweli," alisema. "Basi mumoja apande na siye, aisikilize mu njia." Na macho yake yakaja kwangu.

"Huyu?" Shefu alidakia, tena kwa dharau. "Huyu anajua filtre tu, moteri hajui kitu. Atawapotezea muda. Mi napanda. Tupite kwangu nichukue koti, kule mulima iko na baridi."

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Kitu hakikutoka. Na nitawaambia kilichokuwa moyoni mwangu walipokuwa wakitoka langoni: nilifurahi. Nilifurahi kwamba si mimi. Kisha nilirudi mezani, nikaichukua ile filta iliyopasuliwa, nikaiviringisha ndani ya gazeti.

Siku mbili baadaye watu waliokimbia kutoka upande ule walisema wameona jipu imekwama kwenye mlima, kifuniko cha moteri kimefunguliwa, hakuna mtu. Shefu hakuonekana tena, hata mwili wake. Mimi sikwenda kumuaga mjane wake. Nilichukua mfuko ulioko nyuma ya mlango, na mke wangu na mtoto, tukaenda Ariwara.

Kule nilifanya kazi chini ya Patroni mmoja mwenye malori, mtu wa kelele ambaye hakujua tofauti ya mafuta na maji, lakini alilipa. Silaha zilipopungua nilirudi Bunia, na baadaye nikawekwa mimi mwenyewe kuwa mkuu wa garaji ile ile. Niliendelea na desturi ya kupasua filta. Wafanyakazi walishangaa kwa nini nikiona shaba nafunga kazi nzima, nasema wazi, "Hii imekufa, usiende nayo," hata kama mwenye gari ni mkubwa anayefoka. Waliniita jasiri. Niliwaacha waseme.

Mjane wa Shefu, Mama Vero, alikuwa anakaa karibu. Kila siku ya Bonane, yaani mwaka mpya, nilienda kumsalimu na mchele na sukari. Kila mwaka alingoja wageni watoke, aliwatuma watoto dukani, kisha aliniuliza swali moja tu: "Fostini, ile moteri ilikuwa nzima?" Nami nilijibu, "Ilikuwa nzima, Mama." Nilimwogopa mama yule mnyamavu kuliko nilivyomwogopa Kamanda. Juma moja kabla ya kila Bonane nilianza kukosa usingizi.

Sasa nimestaafu. Vijana wanakuja nyumbani kuniuliza watie mafuta gani kwenye magari yao ya zamani. Nawaambia watazame kitabu cha gari kama bado kipo, watie arobaini kama moteri imechakaa, watikise filta kabla ya kuinunua wasikie kama karatasi imelegea ndani, na wasikubali kamwe mafuta ya kunyamazisha mlio. Wanaandika. Hawajui kwa nini sauti yangu inapanda ninapofika hapo.

Siku niliyokabidhi funguo za garaji sikurudi nyumbani moja kwa moja. Nilipita kwa Mama Vero na lile gazeti kwapani. Alikuwa anachambua maharagwe, na mkwe wake akifua uani. Niliketi. Alimwita mkwe, akamtuma sokoni, akangoja mpaka mlango wa ua ulipofungwa. Haikuwa Bonane, hakuniuliza neno. Nilikunjua gazeti, nikamwekea ile filta mbele yake. Shaba ilikuwa imefifia, lakini ilionekana.

"Mama, moteri haikukuwa nzima. Nilijua. Na ile mafuta mazito nilichagua miye, ju ikufie mbali na siye. Sikujua watamuchukua. Na walipomuchukua, nilinyamaza."

Aliishika filta kwa mikono miwili, akainusa. Harufu ya mafuta haijaisha mpaka leo.

"Alipitaka hapa kuchukua koti," alisema. "Maaskari walisimama kwa mulango, pale. Akaniambia mu sikio: 'Fostini ameweka mafuta mazito. Ameogopa. Siku moja utamuuliza, lakini usimuulize mbele ya watu.'"

Nilijifuta macho kwa mkono wa shati.

"Njo maana nilikuwa nangojaka watu watoke," alisema, akanisogezea ungo wa maharagwe tuchambue wote.