Kinyozi na Kiboko wa Viti Viwili

Ukimtafuta yule kinyozi wa kona, mwenye kioo kirefu na kiti kimoja kinachozunguka kwa kulalamika, usisumbuke kuuliza jina lake. Uliza Kiboko. Kila mtu atakuonyesha, na nusu yao watacheka. Si kwamba ni mnene. Ni mwembamba mpaka mkanda wake umetobolewa matundu ya ziada kwa msumari. Jina hilo limetokana na gemu la kwenye simu, na mimi nimechoka kusikia watu wakimcheka bila kujua wanachokicheka.

Gemu lenyewe ni la dunia ya kubuni, yenye mazimwi na misitu inayotembea, na watu chungu nzima wanacheza humo pamoja, kila mmoja na simu yake huko aliko. Unajitengenezea mtu wako, unampa silaha, unapiga wanyama, na kila mnyama unayempiga anakuongezea nguvu kidogo mpaka unapanda leveli. Halafu kuna vipando, yaani wanyama wa kupanda. Farasi wa kawaida kila mtu anaye. Vipando adimu ndio wanaotia watu wazimu. Mtu mzima, ana mke, ana kazi, utamkuta amekodolea macho pango tupu akisubiri mbuni wa moto atoke, na ukimsemesha anakuitikia "eeh, eeh" hata kama umemwambia nyumba inaungua.

Aliyemwingiza kinyozi humo ni binti yake, mtoto wake wa pekee. Enzi hizo wakiishi nyumba moja, walikuwa wakikaa kwenye kochi bega kwa bega, baba mpiga mishale, binti mganga wa kuponya. Mzee hakuwa na subira hata chembe.

"Baba, rudi nyuma! Wewe una upinde, unakwenda kubanana na zimwi la nini?"

"Linanichokoza!"

"Haya, ushakufa tena."

Mama mtu akipita na ndoo ya maji anatikisa kichwa. "Watu wazima hawa, jamani!" Lakini alikuwa akicheka, na nyumba ilikuwa na raha.

Katika gemu hilo kuna bwawa la matope, na ndani ya bwawa kuna kiboko mweupe mwenye viti viwili mgongoni. Anaibuka anapojisikia. Wa kwanza kumgusa ndiye mwenyewe, ila kwa sharti moja: awe hajafika leveli ya thelathini. Ukishafika, hata umpigie magoti, anazama zake. Binti alikuwa amekwisha kupita siku nyingi. Baba, kwa ajili ya kufakufa kwake ovyo, alikuwa bado.

"Basi usipande haraka, baba," binti akamwambia. "Ukimpata huyo, wewe unakaa mbele, mimi nyuma, tunaizunguka dunia yote."

Kisha binti akaolewa, akahamia mji mwingine. Ndoa haikumkubali. Jioni moja akatokea mlangoni kwa baba yake na begi, macho mekundu, akasema ndoa imemshinda. Majirani walikuwa wamekaa vibarazani kwao, wamenyamaza ghafla kama redio iliyoisha betri. Kinyozi akawaona wale majirani kabla hajamwona mtoto wake. Akasema, tena kwa sauti ya kusikika: "Rudi kwa mumeo. Hapa hapapokelewi mizigo iliyorudishwa."

Binti alisimama tu. Akaokota begi akaondoka. Kwa mumewe hakurudi. Alipanga chumba mahali anapopajua mama yake, na tangu siku hiyo simu ya baba hapokei.

Sasa nisikilize vizuri. Kinyozi alijuta hata binti hajafika mwisho wa mtaa. Lakini mtu huyu, ambaye kutwa nzima anapiga soga na wateja, anaijua mipira yote, anazijua siasa zote, anajua hata watoto wa wenzie wamekosea wapi, neno moja tu la "nisamehe" lilimkaa kooni kama mwiba. Akampigia, simu haikupokelewa. Amtumie ujumbe? Angeandika nini? Kila alichoandika alikifuta.

Ila kitu kimoja binti hakukifunga. Kwenye gemu hakumtoa kikosini. Kitaa cha kijani kando ya jina lake, cha kuonyesha kwamba yumo mchezoni, kilikuwa kikiwaka jioni jioni, kinazimika, kinawaka. Kinyozi alikuwa akikitazama. Ndipo akapata wazo lake, wazo la mtu aliyebanwa. Ukiwa na kiboko wa viti viwili, ukasimama karibu na mwenzako, kwenye simu yake panatokea maandishi: fulani anakuomba upande, kubali au kataa. Akajiambia, nikimpata huyo kiboko nitamfuata mwanangu popote alipo humo ndani, nitasimama mbele yake. Akikubali, nimesamehewa. Akikataa, angalau nitakuwa nimeomba.

Basi akapiga kambi bwawani, leveli ishirini na tisa, imejaa mpaka ukingoni, bado mnyama mmoja tu apande. Kwa hiyo hapigi kitu. Vyura wanamng'ata, anatafuna majani ya dawa. Mbu wakubwa kama kuku wanamdonoa, anavumilia. Yule yule aliyekuwa akirukia mazimwi! Wachezaji wengine wakipita wanamwandikia, "Mzee, unavua?" Dukani simu ilikuwa imeegemezwa kwenye kopo la poda, chini ya kioo, na mteja akiinamisha kichwa, kinyozi anachungulia matope. Hapo ndipo jina la Kiboko lilipozaliwa.

Mkewe alimpasha. "Mtoto unamtafutia kiboko! Mtoto ana simu, ana masikio."

"Mimi hapokei."

"Mimi anapokea."

Na kweli alikuwa akipokea, na mama alikuwa akimwaga kila kitu, kuanzia vyura mpaka mbu. Binti mwanzoni alicheka, halafu akakasirika, halafu akashindwa kuamini, maana mama yake naye ana sifa ya kutia chumvi. Akataka aone kwa macho yake. Kwa mtu wake wa zamani angejulikana mara moja, kwa hiyo akatengeneza mtu mpya kabisa, msichana mdogo, peku, mwenye fimbo, akamwita Kijiti. Akaja akakaa kando ya mpiga mishale, kimya.

Mimi nakuambia mapema kwamba Kijiti ni binti. Kinyozi hakujua. Kwake yeye ni mgeni tu, mtoto wa watu, leveli ya chini hata panya wanamwonea. Akampenda kwa sababu hakumcheka. Siku kadhaa walikaa pale wawili, yeye akimfundisha mahali vyura hawafiki, na majani gani ya kutafuna.

Mchana mmoja wa mvua, wateja wakiwa hawapo isipokuwa muuza nyama wa jirani aliyekaa kitini na povu la sabuni usoni, Kijiti akaandika: "Huyu kiboko unamtakia nini?"

Kinyozi akaandika kwa kidole kimoja, mkono mwingine una wembe. "Nampelekea binti yangu."

"Kwa nini?"

"Nilimkosea."

"Ulimfanya nini?"

Kinyozi akaweka wembe chini. Muuza nyama akafumbua jicho moja. Maneno yale hakuwahi kuyarudia mbele ya mtu yeyote, hata mkewe hakumtajia tena. Lakini mgeni hamjui, naye hamjui mgeni, na mvua inapiga bati.

"Alikuja kwangu na shida. Nikamwita mzigo uliorudishwa. Niliogopa majirani. Majirani wenyewe leo hata hawakumbuki."

Akatuma. Akaandika tena: "Ndiye mtoto wangu wa pekee. Naona aibu hata nikifikiri akilitaja jina langu."

Huko kwenye chumba chake cha kupanga, binti alikuwa ameitupa simu kitandani, amefunika uso kwa viganja. Kwa hiyo mamba alipotoka kwenye matete, Kijiti hakusogea. Mamba akamng'ata mguu. Kijiti kasimama tu. Akamng'ata tena.

"Kimbia," kinyozi akaandika. "Kimbia wewe!" Akaona haandikiwi kitu, akapiga kelele kwa mdomo, "Kimbia, mtoto!" mpaka muuza nyama akashika mikono ya kiti.

Mtu yeyote anayelicheza gemu hilo atakuambia kwamba kufa mle si hasara. Unafufuka kisimani, unarudi kwa miguu, basi. Kinyozi amekufa humo mara zisizo na hesabu, hilo analijua kuliko wote. Na anajua mshale mmoja tu utamfanya nini. Kidole kikamganda juu ya kioo cha simu. Kisha akafyatua.

Mamba akapinduka. Mwanga wa dhahabu ukammiminikia mpiga mishale, ngoma zikalia, maandishi makubwa yakampongeza: leveli thelathini.

"Basi," kinyozi akasema. "Yamekwisha."

"Nini kimekwisha?" muuza nyama akauliza. "Ndevu zangu bado upande mmoja."

Simu ikatetemeka. Kijiti alikuwa amerudi. "Kwa nini umefanya hivyo? Si ungeniacha? Ningefufuka."

"Najua."

"Sasa humpati tena kiboko."

"Najua, mwanangu. Lakini ulikuwa umesimama tu, hujitetei. Binti yangu siku ile alisimama vile vile mlangoni, na mimi nikamwangalia tu. Wewe sikuweza kukuangalia tu."

Kinyozi akauchukua wembe, akaurudisha. Halafu bwawa lote likapotea kwenye kioo, simu ikaanza kuita. Jina lililoandikwa pale alikuwa hajaliona likiita tangu jioni ile ya begi. Akaiacha iite mara mbili kwa hofu, akapokea.

"Baba. Ni mimi."

"Nakuona, mama. Jina lako limetokea."

"Hapana, baba. Kule kwenye matope. Ni mimi."

Kinyozi akakaa chini, si kwenye kiti kwa kuwa kiti kilikuwa na mtu, akakaa sakafuni kwenye nywele za watu. Sijui kama kiboko aliibuka saa ile. Hakuna aliyekuwa akimtazama. Muuza nyama aliteremka mwenyewe, akajifuta povu kwa taulo, akaenda kusimama mlangoni, akawaambia wawili waliokuwa wakija kunyolewa kwamba fundi ana dharura, warudi baadaye.

"Nisamehe," kinyozi akasema. Lilitoka tu, wala halikumkwaruza. "Nisamehe, mwanangu. Wewe si mzigo. Hukuwahi kuwa."

Binti alikuwa akilia waziwazi sasa. "Nikija, baba, utanifungulia?"

"Usije. Nakuja mimi. Hata unapokaa sipajui, baba gani mimi? Nielekeze."

Binti akaanza kumwelekeza. Duka la rangi, geti la bluu, ngazi za nje, chumba cha mwisho. Aliyasema yote pole pole, akamaliza, akangoja.

"Anza tena, mwanangu," kinyozi akasema, akijifuta uso kwa aproni. "Nilikuwa nasikiliza sauti tu."