Mkeka Chini ya Klachi

Fatai alikuwa fundi wa magari pale Neiafu, mji wa kisiwani, na wivu wake ulivuma kuliko ufundi wake. Mkewe Lupe akicheka na mwanamume yeyote, Fatai alinuna juma zima. Aliyemchoma roho kuliko wote ni mwalimu Sitiveni wa kwaya, mwenye sauti ya kumtoa nyoka pangoni. Lupe aliimba katika kwaya hiyo, safu ya mbele.

Sasa gari la mwalimu huyo huyo likagoma gia.

"Namba moja haiingii mpaka niilazimishe, fundi. Rivasi ndiyo usiseme, inalia kama inasaga mawe."

"Labda hujui kukanyaga klachi, mwalimu. Si kila kitu ni kuimba."

Mwalimu alicheka, akaacha ufunguo, akaenda zake. Fatai akajaribu gia injini ikiwa imezimwa: zote ziliingia laini. Giaboksi haikuwa na neno. Alipowasha, zikakwaruza. Basi klachi ilikuwa haiachii. Akatazama mafuta yake, yamejaa, na hayavuji popote. Akainama kuisukuma pedali kwa mkono, ikakwama kabla ya kufika chini. Akapapasa chini yake, akavuta mkeka uliokunjwa mara mbili.

Ukingoni ulikuwa na nyuzi za zambarau na kijani, zimefungwa kwa fundo ambalo hakuna aliyelifunga pale mtaani isipokuwa Lupe. Fatai alihisi damu inachemka. Kumbe ndiyo maana ya nyimbo zote zile! Akavuka uani na mkeka mkononi.

"Lupe! Mwalimu umemsukia mkeka lini?"

Lupe aliutazama, akaweka chini sufuria ya mihogo. "Mimi? Si wewe uliyempa?"

"Mimi nimpe yule?"

"Baba yake mwalimu alipofariki, nani alikomba rundo lote la mikeka kabatini akalipeleka msibani, hata hakukunjua mmoja? Huu ulikuwa katikati."

"Mkeka mdogo hivi ulikuwa wa nini?"

"Katandike kwenye pikapu lako, Baba Ofa."

Akaenda, akautandika chini ya usukani. Ulienea pembe kwa pembe, hata pale ulipoachiwa nafasi ya mkono wa gia. Fatai akakaa kwenye kiti.

Lupe alikuwa amemfuata. "Ulikuwa umeninunia kwa ajili ya kwaya. Nikauweka kabatini mpaka umalize."

Kwa desturi ya kisiwani, mkeka uliotolewa rambirambi msibani hauombwi tena, na gari la mwalimu lilikuwa dogo. Fatai mwenyewe alishika mkasi, akaukata mkeka usiguse pedali. Roho ilimuuma kila alipokata. Gia zikaingia bila kelele.

"Mkeka mzuri sana huu," mwalimu alisema alipokuja. "Nifikishie shukrani kwa mama."

Fatai alilitazama gari likiondoka, likibadilisha gia kwa raha zake. Akarudi jikoni.

"Utanisukia mwingine?"

"Leo jioni tuna mazoezi ya kwaya," Lupe akamjibu. "Nikirudi nikute hujanuna, nitaanza kesho."