Pua ya Mama Pua

Kazini walimwita Mama Pua, na kwa miaka sita hakuna aliyembishia. Kiwanda kilitengeneza sabuni ya unga, naye kazi yake ilikuwa kunusa taulo.

Harufu ya sabuni ile haikumwagwa ovyo. Mkemia aliifungia ndani ya vijipunje vidogo visivyoonekana kwa macho, kila kimoja na ganda lake. Taulo likifuliwa, vijipunje hung'ang'ania kwenye nyuzi, vikatulia hata wiki nzima, mpaka mtu ajifute. Hapo maganda hupasuka na harufu ikatoka kidogo kidogo. Basi Mama Pua alinusa taulo kavu, akalisugua mara tatu kwa viganja, akanusa tena, akaandika namba ya nguvu ya harufu, kuanzia sifuri hadi tano.

Mafua ya mwezi wa tatu yalipoondoka, yaliondoka na harufu zote. Hakulia. Chai ikawa maji ya moto tu. Utosi wa mwanawe mchanga, aliozoea kuunusa kila baada ya kumwogesha, ukawa kitu cha vuguvugu. Aliendelea kuubusu, kwa mazoea.

Hakumwambia mtu. Chumba cha kunusia kilikuwa na viti viwili tu, na asiyenusa angekaa humo kufanya nini? Akaanza kuibia kwa jicho la pembeni kwenye karatasi ya mwenzake, Bi Kicheko. Mwenzake akiandika nne, naye nne. Siku zikapita hivyo, moja kama nyingine.

Jumatatu moja mkemia aliwaita wote wawili. Alikuwa dada mpole, miwani imemshukia puani. Akaweka karatasi zao mbili mezani, bega kwa bega.

"Mmeandika sawasawa, taulo zote kumi," alisema.

"Si ndio vizuri?" Bi Kicheko akadakia. "Pua zetu zimeiva pamoja!"

"Safari hii nilipanga taulo za sinia la kila mmoja kivyake. Taulo nililofua kwa maji matupu, kwako lilikuwa la kwanza, umeandika sifuri. Kwa Mama Pua lilikuwa la sita. Ameliandikia nne."

Bi Kicheko aligeuka kumtazama mwenzake.

"Tangu lini, mama?" mkemia akauliza, taratibu.

"Tangu mafua yale." Sauti ilimtoka kavu, kama anataja saa.

"Hata sasa hivi husikii chochote?"

"Sisikii chochote."

Mkemia alivua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi. Alieleza kwamba namba za miezi miwili itabidi zitupwe, sabuni ijaribiwe upya. Kufukuzwa hatafukuzwa, ila kiti hawezi kukikalia tena. Kesho aripoti upande wa kufungasha.

Mama Pua alivua koti jeupe, akalikunja vizuri, mikono ndani. Alisubiri kifua kimbane. Hakikumbana.

Kwenye korido Bi Kicheko alimshika mkono kwa hasira. "Wewe shoga, una roho ya jiwe! Ungeniambia, ningekukoholea. Kikohozi kimoja, namba moja."

"Ungekohoa taulo kumi, wangekupeleka hospitali."

"Si bora hospitali?" Akacheka, kisha akafuta macho. Mama Pua alimtazama akifuta, akajiuliza ile hali ya machozi ilikuwaje.

Asubuhi iliyofuata aliripoti kwenye ukumbi wa kufungasha. Unga ulikuwa hewani kama ukungu, wafungashaji wote wamejifunga vitambaa usoni. Msimamizi, mzee mwenye kope nyeupe kwa vumbi, alimpa naye kitambaa.

"Hapa watu hawakai, mwanangu. Mashine inapasua vijipunje, na harufu inawapasua vichwa. Wa juzi alimaliza siku mbili. Wewe utaweza?"

"Nitaweza, baba."

"Wote husema hivyo."

Saa sita wenzake walitoka mbio kutafuta hewa. Mama Pua alibaki kwenye mashine, akafunga pakiti, akaweka kando, akavuta nyingine. Msimamizi alirudi mlangoni, akasimama akimtazama.

"Kichwa hakiumi?"

"Hakiumi."

"Basi wewe nimekupata," mzee alisema kwa furaha, akaandika jina lake kwenye orodha ya wa kudumu.

Mama Pua alishukuru, akavuta pakiti nyingine.