Swali kwa Somo

Kwetu Kindu, watu wawili wenye jina moja hawaitani kwa jina hilo. Wanaitana somo, na somo akikuomba kitu, ni vigumu kumnyima. Nilipokuwa chuo kikuu niliidharau desturi hii. Jina ni neno tu, nilimwambia Mama. Litakufanyaje uwe ndugu wa mtu usiyemjua?

Jibu lake lilikuwa kisa kilekile. Wakati wa vita, mimi nikiwa mtoto wa mgongoni, nyumba yetu iliungua pamoja na kitambulisho chake. Katika njia ya kwenda Kailo alikutana na mwanamke wa Tunda, kijiji cha upande wa Kibombo, mkimbizi kama yeye, mwenye jina kama lake. Mbele kulikuwa na kizuizi cha askari, na asiye na kitambulisho hakupita. Yule mwanamke alitoa chake, akakificha ndani ya kofia yangu.

"Pita, somo. Mutoto iko na homa."

Picha ilikuwa imefifia. Askari aliuliza jina, Mama akataja la kwake, bila uongo wowote. Mwenye kitambulisho alibaki nyuma mpaka njia ilipotulia.

"Kwa hiyo ulitumia utambulisho wa mtu," nilimchokoza.

"Nilipewa. Huko shuleni wanakufundisha nini?"

Mwaka jana simu yake ililia. "Somo! Njo mimi, jina lako!" Yaani ndimi, kwa Kiswahili cha kwetu. Sauti ya mwanamke, changamfu. Alisema amemtumia zawadi. Tarakimu zitaingia kwenye simu, amsomee tu. Mama alisoma. Muda si mrefu laini yake ikafa, na wanawake wa kikundi chake cha sala wakaanza kupokea ujumbe kwa jina lake: amelazwa, anaomba msaada. Wawili walituma. Mama alipita nyumba kwa nyumba kueleza. Mmoja alimsikiliza mlangoni, hakumkaribisha ndani.

Nilichunguza jinsi tapeli alivyolijua jina. Haikuwa ajabu. Ukitaka kutuma pesa kwa simu, unaandika namba, na jina la mwenye namba linatokea kabla hujathibitisha. Alilisoma, akajiita nalo. Kwingine labda angejifanya mfanyakazi wa kampuni ya simu. Kwetu ilitosha kujifanya somo.

Tulirudisha laini, tukabadilisha namba ya siri. Nikamfundisha Mama: tarakimu zinazoingia kwenye simu yako humsomei mtu, hata mimi. Namba ngeni ikikuomba kitu, kata, kisha mpigie mtu huyo kwa namba unayoijua. Kama huna, muulize jambo ambalo halijaandikwa popote. Swali tulilichagua pamoja, na nilijiona mwerevu.

Miezi kadhaa baadaye namba ngeni ilipiga. Mama aliweka sauti ya nje ili nami nisikie.

"Somo, njo mimi, wa Tunda."

Sauti ilikuwa ya kizee, yenye kikohozi. Mama alinitazama. Nikaitikia kwa kichwa.

"Kitambulisho ulikificha wapi?"

Upande wa pili kuku walisikika.

"Somo. Njo mimi unaniuliza?"

"Wezi wamekuwa wengi, somo yangu..."

"Ndani ya kofia ya mutoto. Huyo mutoto iko hapo?"

"Iko."

"Njo yeye alikufundisha?"

Yule mama alitutakia afya njema, akakata. Tulipopiga tena, kijana alipokea, akasema simu ni yake, bibi aliiazima na ameshaondoka.

Baadaye muuza mchele aliyetoka Kibombo kwa treni alitueleza kwamba yule mama alikuwa amekuja naye Kindu kutibiwa macho. Tangu siku ile ya simu alikuwa akilala karibu na stesheni, kwa watu asiowajua. Mama alipika haraka, akafunga sufuria kwa kitenge, akatoka akikaribia kukimbia.

Swali lile lilikuwa sahihi, na bado ningemshauri mtu yeyote aulize hivyo. Nimejaribu kujifariji kwa hilo.

Mama alirudi na sufuria imejaa. Treni ilikuwa imeondoka. Aliitua mbele yangu, akafungua kitenge.

"Kula," aliniambia, akaingia chumbani.