Kidole cha Insaf

Insaf alisokota uzi pale kiwandani Mahalla miaka thelathini na mmoja, na mashine ya kupimia hakuijali hata siku moja. Aliuzungusha uzi kwenye kidole cha shahada, akauvuta ghafla, pamba ikakatika, naye akakwambia kama unafaa. Kiwanda kilipoleta nyuzi za njano zisizoungua, za kamba za zimamoto, akajaribu vilevile. Uzi haukukatika. Kilichokatika ni kidole, karibu kufika mfupani.

"Mkaidi wewe," nilimwambia, mimi mwenzake wa mashine ya jirani, nikimfunga kitambaa. "Huu si uzi wa mama yako."

"Mkono umeshazoea, dada."

Mkono ulikuwa umezoea na jingine. Kiangazi kile bomba lilipasuka stoo, vishada ishirini vya uzi ule wa njano vikaloa. Insaf akavianika paani, juani, wiki tatu nzima, kama tulivyoanika pamba tangu utoto. Viliposhuka vikiwa na rangi ya asali, tukavisifia, vikaenda kwa wasuka kamba. Baadaye injinia akatuambia, katika mazungumzo tu, kwamba uzi huu hauogopi moto, unaogopa jua. Ukikaa juani unakufa nguvu. Tukatazamana na Insaf. Hakuwaambia wasuka kamba, wala mimi sikuwaambia, sijitoi.

Mwaka uliofuata Ramzi wa zimamoto, kijana wa mtaani kwetu, alianguka kutoka ghorofa ya tano, akafa. Kamba ilikatika. Wakasema ni kioo cha dirisha kilichoikata. Insaf akaanza kumwona kiwandani, amesimama kati ya mashine, anamtazama mikono. Chakula kikamshinda.

"Kama si uzi wangu ataniacha," aliniambia. "Nataka kujua, basi."

Tukaenda kwa mama yake Ramzi. Kipande cha kamba alikihifadhi kabatini pamoja na kofia ya mwanawe, kimekuwa cheusi kwa moshi, rangi yake haijulikani tena. Insaf akaomba akishike. Akachomoa uzi mmoja, akauzungusha kidoleni, palepale penye kovu. Sijapata kumwona mtu akiomba damu yake itoke namna ile.

Akavuta. Uzi ukakatika kama pamba.

Mama Ramzi akamshika mkono, akakigeuza kidole huku na huku, kizima.

"Taratibu, dada yangu, nyuzi hizi zinakata," alisema. "Alhamdulillahi hukuumia. Kaeni mnywe chai."

Tukakaa, tukanywa.