Damu ya Felisita Yaenda Mwanza

Ukimwona Felisita wa Nkoma anavyopalilia pamba, huwezi kuamini kwamba ana saratani ya damu. Vidonge anavyomeza kila siku vimeutuliza ugonjwa. Ila akiwa kwenye vidonge hivyohivyo haruhusiwi kushika mimba, na Felisita anataka mtoto. Anamtaka hasa, wala si kwa kuogopa maneno ya mawifi. Akipewa mtoto wa jirani ambebe, kumrudisha ni kazi.

Daktari wa Mwanza alimpa tumaini moja. Alama ya ugonjwa kwenye jeni ikiendelea kuwa chini kabisa, watajaribu kusimamisha dawa huku wakimwangalia, naye ajaribu bahati yake. Vipimo vya nyuma vilikuwa vizuri, kikabaki kimoja.

Damu ilitolewa Bariadi na Harieth, mtaalamu wa maabara kutoka Bukoba, ambaye Kisukuma chake chote ni salamu ya asubuhi, "mwangaluka, mayu", hata iwe jioni. Gari la kupeleka sampuli lilikuwa limeharibika, hivyo Jilala, mume wa Felisita, akajitolea kuipeleka Mwanza kwa basi. Harieth alimwambia ahakikishe sanduku la sampuli linabaki na ubaridi.

Sasa Jilala ni mfugaji, na ubaridi anaoujua ni ule wa chanjo ya ng'ombe. Kila basi liliposimama alinunua barafu, akakifukia kichupa cha damu humo. Masikini, kwa hamu aliyokuwa nayo angenunua hata friji.

Majibu yalipofika, Harieth aliwaita wote wawili.

"Alama ya ugonjwa haikuonekana," alisema.

Felisita akamshika Jilala mkono, machozi yakimlengalenga.

"Subiri kwanza, dada. Mashine hupima pia jeni ya kawaida ambayo kila mtu anayo. Nayo ilikuwa hafifu mno. Damu iligandishwa, ikaharibika. Kipimo hiki hakituambii lolote."

"Barafu niliweka mimi," Jilala alisema. "Chanjo tunaifukia hivyohivyo."

"Damu hii haitakiwi kugusana na barafu, shemeji. Na mimi sikukueleza vizuri."

Felisita alilia bila kujificha. Mtoto alikuwa ameshampa jina moyoni, na kwa dakika ile fupi aliyomshika mumewe mkono, alikuwa ameshamwona akitambaa uani. Inauma kumpoteza mtu ambaye hajazaliwa.

Kisha akapenga kamasi kwa upindo wa kitenge.

"Inaweza kurudiwa?"

"Hata sasa hivi."

Akakunja mkono wa gauni. Harieth alitoa damu nyingine, akaiweka kwenye sanduku mbali na barafu, akawaonyesha namna ya kulibeba. Jilala alirudi nyuma hadi mlangoni, mikono mfukoni.

"Nenda nalo wewe," alimwambia mkewe. "Mimi nitaharibu tena."

Felisita alilinyanyua sanduku, akamfuata, akampa.

"Shika, Jilala. Mtoto huyu tunamtafuta wawili."